KIUNGO NA KIRAKA: HABARI ZA STAMPU ZILIZOUNGWA
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa Korogwe na Handeni)



Halmashauri ilitutaka tuseme juu ya jambo lolote tulijualo, mradi liwe na faida kwa watu wa kazi za ofisini. Tumechagua stampu za barua, na katika habari za stampu, ambazo ni nyingi kama mchanga, tumechagua sehemu moja ndogo: stampu ambazo karatasi yake imeungwa. Twajua kwamba wako watakaosema moyoni, "Haya ni michezo ya watoto wa shule." Twawaomba wavumilie kidogo. Stampu ni fedha. Ni hati ya malipo yaliyokwisha kutolewa kabla kazi haijafanywa; na hati ya malipo ikionekana imeungwa, kila mtu mwenye akili huuliza ni nani aliyeiunga, na kwa nini. Jawabu la swali hilo laweza kumpa mtu faida, laweza kumtia mtu hasara, na laweza hata kumharibia karani jina lake njema bila ya kosa. Kwa sababu hiyo jambo hili latuhusu.

Tutatumia maneno mawili, nasi twaomba yasichanganywe. Neno la kwanza ni kiungo. Kiungo ni mahali ambapo karatasi iliunganishwa kiwandani, na watu wa kiwanda, kwa ajili ya kazi yao. Neno la pili ni kiraka. Kiraka ni mahali ambapo mtu mwingine, baada ya stampu kwisha kutoka kiwandani, amegandisha vipande viwili ili vionekane kuwa kitu kimoja. Kwa macho ya haraka viwili hivi hufanana sana. Kazi yetu leo ni kuonyesha namna ya kuvitenga.

Natuanze na kiungo. Zamani stampu zilipigwa chapa juu ya kurasa moja moja, kama vile mtu apigavyo matangazo: ukurasa huingia mtamboni, hupigwa, hutolewa, na mwingine huingia. Katika kazi ya namna hiyo hapana haja ya kuunga karatasi. Lakini mahitaji ya stampu yalipozidi, ilitengenezwa mitambo ya kuzunguka, ambayo hailishwi kurasa moja moja bali hulishwa jora zima la karatasi. Tunasema jora kwa kuwa karatasi hiyo imezungushwa kama jora la nguo dukani. Jora huingia upande mmoja, chapa hupigwa mfululizo, kisha karatasi hutobolewa vitundu na kukatwa kuwa kurasa.

Basi jora halikosi mwisho wake. Likiisha, au karatasi ikikatika katikati ya kazi, fundi hataki kuanza upya kupitisha karatasi katika mtambo wote. Huchukua mwanzo wa jora jipya, huulaza juu ya mwisho wa lile la zamani, huvigandisha, na kazi huendelea. Hapo ndipo panapotokea kiungo. Mahali hapo pana unene wa karatasi mbili, na chapa hupita juu yake kama gari la moshi lipitavyo juu ya kiungo cha reli.

Si desturi ya kiwanda kuuza kurasa zenye viungo. Wako wakaguzi ambao kazi yao ni kuzitoa na kuzitupa, na katika viwanda vingine fundi huunga kwa karatasi ya rangi kali ili mkaguzi aione upesi. Lakini mkaguzi naye ni mwanadamu. Kurasa chache humponyoka, huingia katika bahasha za kupelekwa mikoani, na hatimaye hufika dirishani pa posta. Wakusanyaji wa stampu huzitafuta kwa sababu ni chache, na kwa sababu zaonyesha wazi kazi ilivyofanyika. Lililokuwa takataka kiwandani limekuwa hazina kwa mkusanyaji.

Kuna namna ya pili ya kiungo cha halali. Katika nchi nyingine stampu ziliuzwa kwa mashine: mtu hutia fedha katika tundu na stampu hutoka. Mashine hiyo haiwezi kutumia ukurasa. Yataka utepe mrefu uliozungushwa. Marekani, mwaka 1908, walipoanza kutengeneza tepe za namna hiyo hawakuwa bado na mtambo wa kuzipiga chapa mfululizo. Walichukua kurasa zilizokwisha kupigwa chapa, wakazigandisha ukingo juu ya ukingo, kisha wakazikata kuwa tepe nyembamba. Hivyo kila baada ya stampu kadhaa palikuwa na mahali ambapo stampu moja imekaa juu ya ukingo wa mwenziwe. Mtambo wa kuzunguka ulipoanza kutumika huko mwaka 1914 haja ya kuunga hivyo ikapungua. Wakusanyaji huzitunza jozi zenye kiungo hicho, lakini kwa sharti moja: zisitenganishwe. Zikitenganishwa, kiungo kimekufa.

Twaomba mkumbuke tofauti ya namna hizi mbili. Katika ile ya jora, karatasi iliungwa kwanza, chapa ikapigwa baadaye. Kwa hiyo picha hupita juu ya kiungo bila ya kukatika. Katika ile ya tepe, chapa ilipigwa kwanza, karatasi ikaungwa baadaye. Kwa hiyo kiungo hukaa pembeni, penye ukingo, wala hakipiti katikati ya picha. Atakayelishika jambo hili moja amekwisha kushika nusu ya hotuba yetu.

Sasa tuje kwa kiraka. Tangu stampu ya kwanza ilipotolewa Uingereza, tarehe 6 Mei 1840, watu wasio waaminifu walianza kufikiri namna ya kuitumia mara ya pili. Mwanzoni muhuri ulipigwa kwa wino mwekundu, na wino ule ulifutika kwa urahisi. Mwaka 1841 Posta ya Uingereza ikaubadilisha ukawa mweusi. Basi wezi wakatafuta njia nyingine. Walitazama stampu zilizokwisha kutumika, wakaona kwamba muhuri mara nyingi huchafua upande mmoja tu. Wakakata nusu safi ya stampu hii, na nusu safi ya stampu ile, wakaziunga juu ya bahasha, na tazama, stampu nzima isiyo na muhuri!

Dawa iliyotumika ni ya akili sana, nasi twaona yafaa kuielezea. Ukurasa wa stampu za peni moja ulikuwa na stampu 240, katika safu 20 zenye stampu 12 kila moja. Tangu mwanzo kila stampu ilikuwa na herufi mbili katika pembe zake za chini, kuonyesha safu na mahali pake katika safu. Baadaye herufi zilitiwa katika pembe zote nne, na zile za juu zikawa ni zile zile za chini zilizogeuzwa. Ikiwa chini pana A kisha B, juu pana B kisha A. Stampu ya peni mbili ilipata herufi nne mwaka 1858, na ile ya peni moja mwaka 1864. Mtu akiunga nusu ya juu ya stampu moja na nusu ya chini ya nyingine, herufi hazipatani, na karani mwenye macho humkamata pale pale. Wengi wanaotazama stampu hizo za kale hudhani herufi zile ni pambo. Si pambo, ni kufuli.

Tumetoka Uingereza na Marekani. Sasa turudi kwetu, kwani jambo hili lilitufikia kwa njia ambayo wengi hawakuitazamia.

Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kutumia stampu za pamoja mwaka 1935. Stampu zenye sura ya Mfalme George wa Sita, zilizoanza mwaka 1938, zilipigwa chapa Uingereza na kampuni ya De La Rue. Vita vikaja. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 London ilishambuliwa kwa mabomu ya moto, na kiwanda cha De La Rue cha Bunhill Row kikaharibiwa. Njia za bahari nazo zilikuwa za hatari, na stampu zikapungua katika nchi zetu. Ndipo zikatafutwa karibu zaidi. Stampu za Afrika ya Kusini zilichukuliwa, zikapigwa juu yake huko Pretoria majina ya Kenya, Tanganyika na Uganda pamoja na thamani mpya. Kuanzia Julai 1941 zikatoka tatu: ya peni moja, yenye picha ya merikebu, ikawa ya senti 5, ya peni tatu, yenye picha ya nyumba ya Groote Schuur, ikawa ya senti 10, ya peni sita, yenye mchungwa, ikawa ya senti 20. Aprili 1942 ikafuata ya shilingi moja, yenye picha ya nyumbu, nayo ikawa ya senti 70.

Stampu hizo zina mambo mawili yanayohusu hotuba yetu. La kwanza ni kwamba kiwanda cha Serikali cha Pretoria kilikuwa kikipiga stampu za picha kwa mtambo wa kuzunguka tangu mwaka 1930, kwa majora ya karatasi. Viungo vya jora katika stampu za Afrika ya Kusini vyajulikana sana na wakusanyaji. Basi mwenye stampu hizi zilizopigwa majina ya nchi zetu anayo sababu ya kuzishika kwenye mwanga na kuzitazama.

La pili ni kubwa zaidi. Afrika ya Kusini ilikuwa na lugha mbili za Serikali, Kiingereza na Kiafrikana. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1926, stampu zake zilipangwa kwa zamu katika ukurasa: moja imeandikwa SOUTH AFRICA, na ya ubavuni mwake SUID-AFRIKA, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Zilipoletwa kwetu zilibaki katika mpango ule ule. Mtu wa Korogwe aliyenunua stampu mbili za senti 10 mwaka 1941 alipewa mapacha wasiosema lugha moja. Wakusanyaji hukadiria bei ya stampu hizi kwa jozi, yaani ya Kiingereza na ya Kiafrikana zilizoshikana bado kama zilivyotoka mtamboni. Zikiachana, thamani ya hizo mbili, ukizijumlisha, haifiki thamani ya jozi.

Sasa ndugu mwenye akili ataona hatari ilipo. Ikiwa jozi ni ghali na moja moja ni rahisi, kuna mtu atakayenunua ya Kiingereza hapa, na ya Kiafrikana pale, akaziweka ubavu kwa ubavu, akagandisha kikaratasi chembamba nyuma, akauza jozi. Hicho ni kiraka kamili, wala hakuna mkasi uliotumika.

Natueleze habari iliyotokea katikati yetu. Ndugu yetu mmoja wa Handeni alirithi sanduku la bati la marehemu babu yake, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge. Ninyi nyote mwajua kwamba mashamba ya mkonge ya bonde hili yalikusanya watu wa makabila mengi kutoka mbali, na watu wa mbali huandika barua na hupokea barua. Kwa hiyo masanduku ya namna hiyo yako katika nyumba nyingi za Korogwe na Handeni kuliko tudhanivyo. Ndani yake palikuwa na bahasha chache za wakati wa vita, zilizochakaa, nyingine zimeliwa na mende. Ndugu yetu akapendezwa, akaanza kutafuta stampu nyingine za namna ile. Akatokea mchuuzi mmoja mpita njia, akamwonyesha jozi ya senti 20, ile ya mchungwa, safi na yenye rangi nzuri, akataka bei ya mbuzi wawili. Mchuuzi yule akasema kwamba kwa ukarimu wake angepunguza kidogo ikiwa atapewa na zile bahasha kuukuu "zisizo na kazi."

Kwa bahati njema ndugu yetu hakulipa siku ile. Aliomba akae na jozi ile usiku mmoja, akatuletea. Tukaiweka mezani karibu na bahasha ya babu yake, ambayo nayo ilikuwa na jozi, ya senti 10, chafu kidogo. Katika bahasha ya babu, muhuri mmoja ulikuwa umeangukia katikati, nusu ya duara juu ya stampu ya Kiingereza na nusu juu ya ile ya Kiafrikana, na mstari wake haukukatika. Katika jozi ya mchuuzi, kila stampu ilikuwa na kipande cha muhuri wake. Cha kushoto kilisomeka mwezi wa Oktoba, cha kulia mwezi wa Machi. Hakuna posta duniani ipigayo barua moja mihuri ya Oktoba na Machi kwa siku moja. Tukageuza nyuma, tukaona kikaratasi. Asubuhi ndugu yetu akamrudishia mchuuzi mali yake kwa adabu, wala hakumtukana. Bahasha za babu yake anazo mpaka leo.

Katika habari hii twaona kwamba macho yasiyofundishwa yangechukua kilicho safi na kuacha kilicho cha kweli. Kwa hiyo tutataja sasa dalili, moja baada ya moja, ili kila mtu aweze kuzitumia nyumbani kwake bila ya chombo chochote ila mwanga wa dirisha na kioo cha kukuzia.

Kwanza, tazama picha. Katika kiungo cha jora picha yapita juu ya kiungo bila ya kukatika, kwa sababu chapa ilikuja baadaye. Penye ngazi ya karatasi pengine wino umepungua kwa upana wa uzi, lakini mistari ya pande mbili yaelekeana. Katika kiraka mistari haipatani. Itapishana kidogo sana, labda kwa unene wa unywele, lakini itapishana.

Pili, tazama vitundu na meno. Kitundu kilichotobolewa kiwandani kimepita karatasi zote mbili kwa pigo moja, na kingo zake ziko sawa juu na chini. Mtu aliyeunga vipande kwa mkono aghalabu huacha nusu ya kitundu imezibwa, au meno yaliyolalana kama vidole vya mikono miwili. Katika jozi iliyoungwa tena, jino la stampu hii hukaa juu ya jino la ile badala ya kushikana nalo.

Tatu, tazama muhuri, ikiwa stampu imetumika. Wino wa muhuri uliopigwa juu ya kitu kimoja huvuka kiungo. Wino uliokoma ghafula penye mshono, kama mto uliokoma jangwani, ni shahidi mbaya.

Nne, shika stampu kwenye mwanga. Kiungo huonekana kama utepe mweusi ulionyoka, toka ukingo mpaka ukingo, kwa kuwa karatasi mbili zimelalana. Karatasi ya stampu za Afrika ya Kusini ina alama ya ndani, nayo ni vichwa vya swala. Hapa pana jambo la kuangalia sana. Katika kiungo cha kweli alama ya ndani yaweza kukatika au kugongana penye kiungo, kwa sababu majora ni mawili; lakini picha haikatiki. Basi alama ya ndani iliyovunjika si dalili ya udanganyifu. Picha iliyovunjika ndiyo dalili.

Tano, usijaribu kwa maji. Wako wasemao, "Itie majini, ikiachana, ni ya uongo." Shauri hili ni baya kabisa. Gundi ya mwizi huyeyuka majini, na gundi ya kiwandani pia yaweza kuyeyuka majini. Jaribio linalomwua mwenye haki pamoja na mwenye hatia si jaribio.

Sita, uliza stampu hiyo ilipigwa chapa kwa mtambo gani. Mfano wake hauko mbali. Hapo juu milimani, Vuga, palikuwa na mtambo wa chapa wa misioni ya Kilutheri. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezungukwa na stampu zimewaishia, mtambo ule ulipiga stampu za heller mbili na nusu, heller saba na nusu, na rupia moja. Kabla hazijatumika ilifika shehena kutoka Ulaya, kwa hiyo hazikuhitajiwa. Wakazifukia ardhini karibu na Morogoro zisitekwe. Zilifukuliwa mwaka 1921, kisha zikauzwa Berlin. Sasa fikirini: mtambo mdogo wa misioni wapiga ukurasa mmoja mmoja, hauna jora. Mtu akikuletea stampu ya Vuga yenye mshono wa karatasi, akaisifu kuwa ina kiungo cha ajabu cha kiwandani, mwambie kwamba mahali pasipo na jora hapana kiungo cha jora. Stampu hiyo ilipasuka, au ililiwa na unyevu wa ardhi, na mtu ameitia kiraka. Kutia kiraka si dhambi. Dhambi ni kukiuza kwa jina la kiungo.

Ndugu wanachama, mpaka hapa tumesema habari za mkusanyaji. Sasa twataka kusema habari za karani, na hizi ndizo zilizotufanya tuchague jambo hili.

Natupige mfano. Karani kijana yuko dirishani. Ana miezi sita kazini. Amefungua bahasha mpya ya stampu, ameuza kutoka ukurasa wa tatu. Baada ya saa moja mteja amerudi na hasira, ana stampu mkononi, yaonekana imeungwa katikati. Asema mbele ya watu, "Karani huyu aunga stampu zilizotumika na kutuuzia!" Mkubwa wa ofisi aitwa. Aiona stampu, aona mshono, naye amekwisha kusikia habari za wezi wa stampu. Kijana hana la kusema. Hajui ni nini kilicho mbele yake. Kwa mambo kama hayo mtu huweza kusimamishwa kazi, na hata akirudishwa baadaye, neno la dirishani halifutiki midomoni mwa watu.

Sasa tuseme mkubwa yule amejua tulivyosema leo. Atafanyaje? Ataomba ukurasa uliosalia. Kiungo cha jora hakikai katika stampu moja. Hupita ukurasa kutoka ukingo mpaka ukingo. Ikiwa stampu zilizo ubavuni mwa ile iliyouzwa zina utepe ule ule mnene, katika mstari ule ule, basi kijana hana hatia, na ukurasa wenyewe ndio shahidi wake. Atazame pia picha na vitundu. Kwa dakika tano haki imepatikana, na mteja aombwe radhi apewe stampu nyingine.

Kwa hiyo tuna mashauri matatu kwa wote wanaoshika stampu katika kazi, iwe katika posta au katika sanduku la stampu la ofisi yoyote. La kwanza: kagua ukurasa kabla ya kuanza kuuchana, kwa kuupitisha vidole nyuma na kuushika kwenye mwanga. La pili: ukiona kiungo, usichane. Mwonyeshe mkubwa wako, liandikwe katika daftari siku ile ile, pamoja na thamani na hesabu ya stampu. La tatu ni gumu zaidi. Stampu iliyomo katika sanduku la kazi si mali yetu, hata kama twajua thamani yake kuliko wengine wote. Watu watatujia na kusema, "Ukiona ya ajabu niwekee, nitakushukuru." Anayeficha ukurasa kwa ajili ya rafiki amekwisha kuuza kitu kingine kisichokuwa katika ukurasa. Elimu tunayowapa leo tunawapa mwilinde nayo; asiitumie mtu kuwa ufunguo wa sanduku.

Na mkubwa wa kazi naye tuna neno lake. Mshono peke yake hauthibitishi kitu. Unauliza swali tu. Asiyejua kutenga kiungo na kiraka asitoe hukumu. Na atafute ajuaye kabla hajaandika barua ya mashtaka.

Tumalizie kwa utunzaji. Korogwe iko bondeni, penye mto na joto. Handeni ina ukame wake na mavumbi yake. Wakati wa masika stampu zenye gundi zikilundikwa pamoja hushikana zenyewe, na huo ni muungano usio na faida kwa mtu yeyote. Weka karatasi nyembamba kavu kati ya ukurasa na ukurasa. Bahasha za zamani usizikate stampu zake. Bahasha nzima, yenye jina la mahali, muhuri na tarehe, ni shahidi mwenye ulimi. Stampu iliyokatwa ni shahidi aliyenyamazishwa. Jozi usiitenganishe, hata kama mtoto wako analilia moja. Na ikiwa imekwisha kutenganishwa zamani, iache ilivyo. Kuiunga tena hakurudishi thamani. Kunaondoa uaminifu tu.

Twaomba kila mwanachama atazame katika masanduku ya wazee wake, kwa idhini yao, na katika mkutano ujao wa Handeni alete alichokiona: bahasha za mwaka 1941 na 1942 hasa, na stampu yoyote yenye mshono. Tutazitazama pamoja mezani, mchana, kwenye mwanga. Ikiwa ni kiungo tutafurahi. Ikiwa ni kiraka tutajifunza. Na kila mmoja atarudi nyumbani na mali yake.

Hapa ndipo tunapokoma.